Sura ya 7: Ukiokota Mwewe, Umpeleke Wapi?

Swali hili watu wa wilaya ya Kisarawe, mkoani Pwani, huliuliza kwa haraka, mara nyingi ndege mwenyewe keshatiwa kwenye boksi la sabuni: "Nimeokota mwewe, bawa limevunjika. Nimpe nyama apone, au nimpeleke wapi?"

Kupona anaweza. Mifupa ya ndege huunga upesi kuliko yetu, mara nyingi ndani ya wiki tatu hivi. Shida iko mbele ya hapo. Mbuzi aliyeunga mguu vibaya ataendelea kula majani huku akichechemea, na mwenye mbuzi hatapata hasara kubwa. Mwewe ambaye bawa lake limeunga likabaki haliwezi kukunjuka mpaka mwisho, hata kwa sentimita mbili tu, hawezi tena kukata kona angani na kumnyaka panya. Akiachiwa hivyo atakufa njaa baada ya siku chache, tena mahali ambapo hakuna atakayemwona, na aliyemwachia atarudi nyumbani akiwa na furaha tele.

Kwa hiyo kazi ninayoieleza hapa haiishii ndege anapopona. Inaishia ndege anapoweza kuua chakula chake mwenyewe. Najua neno "kuua" linawakera baadhi ya wapenda wanyama, lakini ukiliondoa hakuna kinachobaki.

Ninaposema ndege wawindaji nakusudia wale wenye kucha za kukamatia na mdomo uliopinda wa kuchania nyama: mwewe, kozi, kipanga, tai na bundi. Namweka humo pia tumbusi, yule ndege mkubwa wa mizoga, ingawa yeye hawindi. Matibabu yake ni yale yale na adui zake ndio wale wale.

Wanaumiaje?

Kisarawe imekaa mahali pa ajabu kwa ndege hawa. Upande mmoja kuna jiji la Dar es Salaam, mwendo wa kilomita thelathini hivi. Katikati kuna misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, ambayo leo ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Ukishuka kusini unakuta nyika zinazoelekea Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019. Ndege wa mjini, wa msituni na wa nyikani wote wanaweza kuangukia mikononi mwa mtu wa wilaya moja.

Mwewe hufuata watu. Anapenda madampo, machinjio na vifaranga vya uani, na ndiyo maana hupigwa manati. Bundi hupigwa kwa sababu nyingine: akitua juu ya bati usiku, kuna nyumba ambazo asubuhi yake zitazungumzia msiba au uchawi. Bundi huyo huyo, yule mwenye uso mweupe wa umbo la moyo, hula panya watatu au wanne kwa usiku mmoja. Mkulima wa mahindi anayemrushia mawe anaifukuza kazi aliyokuwa akifanyiwa bure. Bundi akianguka mchana, kunguru humaliza kazi. Hawa ni kunguru wenye shingo ya kijivu, walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili wale takataka, wakaenea pwani nzima. Wao hawamvumilii mwindaji yeyote karibu yao.

Kisha kuna nyaya za umeme. Ndege mdogo akikaa juu ya waya mmoja hapati shoti, kwa kuwa umeme hauna njia ya kupita kwake kwenda kwingine. Tai ni mpana. Akifungua mabawa juu ya nguzo anaweza kugusa nyaya mbili kwa pamoja, au waya na chuma cha nguzo, na hapo mwili wake ndio unageuka njia. Akinusurika, jeraha lake hudanganya. Siku ya kwanza unaona alama ndogo tu ya kuungua, kisha kwa siku kadhaa nyama ya bawa inazidi kufa kutoka ndani.

Mkaa nao umo. Mti mkubwa ukiangushwa msituni, kiota nacho kinaanguka. Tai mwenye kishungi, mwindaji wa kima katika misitu yetu ya pwani, hulea kinda mmoja tu, na kinda huyo huendelea kulishwa na wazazi kwa karibu mwaka mzima baada ya kuanza kuruka. Ndiyo maana jozi moja kwa kawaida huzaa mara moja katika miaka miwili. Gogo moja la tanuri la mkaa linaweza kuwa miaka miwili ya uzazi wa tai.

Lakini kisababishi kibaya kuliko vyote ni sumu. Aina nyingi za sumu ya panya hufanya kazi kwa kuzuia damu isigande. Panya hafi papo hapo. Hutembea siku kadhaa akiwa mlegevu, akiwa windo rahisi, na bundi akimla anakula na sumu iliyomo mwilini mwake. Kwa tumbusi hali ni mbaya zaidi. Mfugaji aliyeliwa ng'ombe na simba hupaka dawa ya kuua wadudu kwenye mzoga ili alipize kisasi. Jangili naye huweka sumu kwenye mzoga wa tembo kwa makusudi, kwa sababu tumbusi wanaozunguka angani huwaonyesha askari mahali alipo. Mwezi Juni 2019, nchini Botswana, mizoga mitatu ya tembo iliyotiwa sumu iliua tumbusi 537. Dawa iliyotumika sana katika visa vya Afrika Mashariki ilikuwa kabofurani, iliyouzwa kwa jina la Furadan. Mwaka 2009 kampuni ya Marekani iliyoitengeneza ilisitisha kuiuza katika eneo letu na kuanza kuinunua tena kutoka madukani, baada ya habari za simba waliouawa kwa sumu hiyo Kenya kutangazwa duniani. Mwaka 2015 aina kadhaa za tumbusi wa Afrika zikawekwa katika daraja la walio hatarini zaidi kutoweka.

*Kwa ufupi:* karibu kila ndege wa namna hii anayeletwa kwa binadamu ameumizwa na kitu cha binadamu. Hilo lina maana yake baadaye, tutakapouliza aachiwe wapi.

Saa ya kwanza

Kabla ya kumgusa, mtazame. Ukikuta kinda mwenye manyoya karibu yote amekaa chini ya mti, haonyeshi jeraha na wazazi wanalia juu yake, huyo hajaumia. Anajifunza kuruka. Mpandishe kwenye tawi la karibu, wafukuze mbwa na kunguru, ondoka. Dhana kwamba ndege humkataa mtoto aliyeguswa na mtu haina ukweli. Makinda wengi wanaoitwa yatima wamefanywa yatima na huruma ya mpita njia.

Ikiwa kweli ameumia, fanya haya:

- Mfunike na khanga au taulo nzito, kichwa na mwili pamoja. Gizani hutulia.
- Ogopa kucha, usiogope mdomo. Mdomo hurarua chakula, lakini kucha ndizo zinazoua. Shika miguu yote miwili kupitia kitambaa, juu kidogo ya vidole.
- Mtie kwenye boksi lenye matundu ya hewa na kitambaa chini. Tundu la kuku la waya halifai, kwa sababu atapigana na waya mpaka avunje manyoya.
- Usimpe ugali, maziwa wala mkate. Usimmiminie maji mdomoni: tundu la pumzi liko kwenye shina la ulimi, na maji huingia moja kwa moja mapafuni.
- Mweke mbali na redio, watoto na simu za kupiga picha.
- Andika mahali ulipomwokota, kwa jina la kitongoji au mti, si "huko Maneromango" tu.

Hili la mwisho watu hulipuuza, nami naliona ni la pili kwa umuhimu baada ya giza. Ndege mzima ana eneo lake, na pengine mwenzi. Kama hujui alikotoka, umempokonya nyumba.

Kisha toa taarifa. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyamapori ni mali ya umma, na kumweka nyumbani bila kibali ni kosa hata kama nia ni njema. Njia ya kawaida ni ofisa wanyamapori wa wilaya, au TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Wao ndio wenye uwezo wa kuruhusu ndege apelekwe kwa daktari. Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kuna ndaki ya tiba ya wanyama.

Kidole kwenye kidari

Mtu mzoefu akimpokea ndege, kidole chake hutangulia kwenye mfupa wa katikati ya kidari, kabla hata hajalitazama bawa. Kwa ndege mwenye afya, nyama imeujaza mfupa huo pande zote mbili na kidole kinateleza. Kwa aliyeshinda njaa wiki nzima, mfupa umesimama mkali, na pembeni kuna mabonde. Ndege wa namna hii usimpe kipande cha nyama. Mwili uliozoea njaa ukipewa mlo mzito ghafla huvurugika chumvi za damu, na ndege hufa akiwa ameshiba. Huanzishiwa maji yenye chumvi na sukari, kwa mpira mwembamba unaopita mpaka tumboni au kwa sindano chini ya ngozi, kisha vipande vidogo visivyo na mifupa. Mlo kamili husubiri.

Aliyekula mzoga wenye kabofurani hutambulika: miguu imekakamaa, vidole vimejikunja, mate yanatoka. Sumu hiyo huzuia kemikali ya mwili inayozima amri zinazotoka kwenye mishipa ya fahamu kwenda kwenye misuli. Amri zisipozimwa, misuli hukaza mpaka pumzi inaziba. Daktari huanza kwa kukitoa chakula kilichobaki kwenye mfuko wa shingoni, ambamo tumbusi huhifadhi nyama kabla haijafika tumboni, kisha humchoma sindano ya atropini. Akiwahiwa, ndege aliyeletwa akiwa amelala chali anaweza kusimama siku moja au mbili baadaye. Bundi aliyekula panya wa sumu hutibiwa kwa vitamini K, na kwa muda mrefu zaidi.

Chakula katika kituo cha kutibu ndege nacho kina mtego. Nyama laini ya buchani peke yake humvunja mifupa kinda anayekua, kwa kukosa chokaa. Bundi anahitaji panya mzima na manyoya yake na mifupa yake, kisha hutapika donge la vile visivyosagika. Donge likitoka kila siku unajua tumbo linafanya kazi. Kwa tumbusi, mtu akijitolea ng'ombe aliyekufa, swali la kwanza ni moja: alitibiwa kwa dawa gani? Diklofenaki, dawa ya maumivu inayopatikana katika maduka yetu ya dawa, iliwamaliza tumbusi wa India na Pakistan kwa zaidi ya asilimia 95 katika baadhi ya aina, kwa sababu walikula mizoga ya ng'ombe waliochomwa nayo. Sababu ilipogunduliwa na kuchapishwa mwaka 2004 walikuwa wamekwisha karibu wote. India iliipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006.

Unyoya wa kuazima

Mfupa umeunga, uzito umerudi, lakini manyoya makubwa matano ya bawa yamekatika kwenye tundu la kuku alimofungwa siku mbili. Unyoya uliokatika hauoti upya mpaka wakati wake wa kunyonyoka ufike, na hilo laweza kuchukua mwaka. Kumweka ndege mwaka mzima bandani kwa ajili ya manyoya ni kumharibu kwa njia nyingine. Vidole vitaota vidonda chini, misuli italegea.

Hapa wafugaji wa kozi wa Uarabuni wametusaidia sana. Kuwinda kwa kozi ni utamaduni mkongwe huko, na mwaka 2010 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Abu Dhabi kuna hospitali nzima ya kozi, iliyofunguliwa mwaka 1999, na tangu mwaka 1995 kuna mpango wa kuwaachia huru kozi waliotumika kuwindia. Kutengeneza manyoya yaliyokatika ni kazi ya kila siku kule.

Inafanyika hivi. Kituo huhifadhi manyoya ya ndege waliokufa, yamepangwa kwa aina, kwa bawa la kulia na la kushoto, na kwa nafasi yake kwenye bawa. Ndege anashikwa ndani ya kitambaa, macho yamefunikwa. Unyoya uliovunjika unakatwa penye sehemu ngumu, ambapo ndani ni tupu. Kijiti cha mwanzi kinachongwa mpaka kiingie pande zote mbili bila kucheza, kinapakwa gundi, na unyoya wa kuazima unasukumwa juu yake, ukigeuzwa kidogo kidogo mpaka ulale sawa na jirani zake. Ukikosea kwa nyuzi chache, ndege ataruka upande. Ndege hasikii maumivu, kwa kuwa unyoya uliokomaa hauna damu. Msimu wa kunyonyoka ukifika, wa kuazima unadondoka na wake unaota.

Ukiukagua unyoya wa ndege aliyelelewa vibaya utaona mstari mwembamba unaoukata kwa upana. Siku unyoya ulipokuwa ukiota kwenye sehemu ile, ndege hakula. Hapo ndipo utakapovunjika.

Usimpe jina

Ushauri huu huwaudhi watu kuliko wote. Kinda wa bundi akilelewa kwa mkono tangu siku zake za mwanzo hujifunza kwamba sura ya mzazi ni sura ya mtu. Akikua atatafuta mwenzi miongoni mwa watu, au atamrukia kichwani mwanafunzi anayepita akimwona mshindani. Hiyo haiponi.

Wahudumu wazuri hulisha makinda bila kuonekana: nyama inapitishwa kwenye kitundu cha pazia, au kwa koleo lililovalishwa kichwa cha ndege cha bandia. Kizuri kuliko hivyo ni mzazi wa kambo. Bundi jike aliyekatika bawa, asiyeweza kurudi porini kamwe, mara nyingi hukubali kinda asiye wake na kumlisha. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu nzito ya kumweka hai ndege mlemavu. Kumfungia ili watu wampige picha si sababu.

Mtihani wa kuwinda

Wahenga wa pwani walisema kozi mwana mandanda, kulala njaa kupenda: hodari wa kuwinda akilala njaa, amependa mwenyewe. Kituo kinachotaka kumwachia ndege lazima kithibitishe kwamba huyu naye, akilala njaa, atakuwa amependa.

Kenya wana uzoefu mrefu zaidi yetu katika hili. Simon Thomsett amewatibu ndege wawindaji kwa miongo kadhaa, na taasisi ya Kenya Bird of Prey Trust huendesha vituo Naivasha na Soysambu, kwenye Bonde la Ufa, vinavyopokea tumbusi waliolishwa sumu, tai waliopigwa na umeme na bundi waliopigwa mawe. Mbinu zao nyingi zimetoka kwa wafuga kozi. Ndege hupimwa kila siku kwenye mizani, kwa sababu akishiba mno hatafanya zoezi na akikonda mno hana nguvu. Huvalishwa kamba laini za ngozi miguuni, akaruka kutoka gogo moja hadi jingine akiwa amefungwa kamba ndefu. Siku ya kwanza anahema mdomo wazi baada ya mita ishirini. Baadaye kamba huondolewa, akafukuzia chambo, yaani kifurushi cha ngozi chenye nyama kinachozungushwa kwa kamba, mpaka misuli ya kidari irudi.

Kozi anayekimbiza ndege wengine angani anahitaji macho mawili, kwani jicho moja halimpimii umbali. Bundi mwenye jicho moja anaweza kupita mtihani. Kwa yule mwenye uso wa umbo la moyo, sikio moja limekaa juu kuliko la pili, na kwa tofauti hiyo ndogo ya sauti hujua panya yuko wapi chini ya majani makavu, gizani. Kwa hiyo yeye hupimwa usiku, kwenye banda lenye majani sakafuni.

Anayeshindwa mara kwa mara hafai kuachiwa. Asipokuwa na kazi ya ukambo, na maisha ya bandani yakawa mateso kwake, daktari humlaza kwa sindano. Wanaofanya kazi hii kwa uaminifu husema hivyo waziwazi.

Siku ya kumwachia

Ndege mzima hurudishwa pale alipookotwa, ila kama kilichomuumiza bado kipo. Bundi huachiwa magharibi, jua likizama. Tumbusi huachiwa kuanzia saa nne asubuhi, ardhi ikishapata joto, kwa kuwa hupanda juu kwa kuegemea hewa ya moto. Ukimwachia alfajiri atapiga mabawa mpaka achoke na kuketi chini.

Msimu nao una neno. Karibu na mwezi Desemba hupita kwetu kozi wadogo watokao Siberia na kaskazini mwa China, wakielekea kusini mwa Afrika. Akivunjika mmoja Desemba na akapona Juni, wenzake wako Asia. Huyo anasubiri.

Kinda aliyekulia kituoni hutolewa polepole. Sanduku linawekwa juu ya mti au jukwaa, chakula kinaingizwa kwa nyuma, mlango unafunguliwa baada ya siku kadhaa. Anatoka, anarudi kula, anatoka tena. Chakula kinaendelea kuwekwa mpaka siku kinapokutwa hakijaguswa, tena siku nyingi mfululizo. Hata hivyo usitegemee miujiza: kwa aina nyingi za ndege hawa, zaidi ya nusu ya makinda hufa kabla ya kutimiza mwaka hata wakilelewa na wazazi wao wenyewe.

Pwani ingeanzia wapi?

Kila mazungumzo ya kujenga kituo cha ndege hawa mkoani Pwani huanza na mchoro wa mabanda marefu na bango la lango. Mabanda ni sehemu rahisi, fundi wa Kisarawe mwenye mbao, wavu laini na paa la makuti anaweza kuyajenga. Ningeanza na vitu vinne ambavyo havipendezi kwenye picha: kibali cha maandishi, mashine ya eksirei ambayo daktari anaruhusiwa kuitumia kwa ndege, stoo ya manyoya yaliyopangwa, na friza iliyojaa panya waliofugwa mahsusi, ambao mwenye kituo anaweza kuapa kwamba hawajawahi kuonja sumu. Friza hiyo ingehitaji na jenereta.